Lebo

Kazi yangu ni shingo.
Wengine wana mikono, vifungo, mapindo ya chini;
mimi, Monowara wa mstari wa saba, kiwandani Gazipur,
nimepewa shingo za watu nisiowajua,
na kwenye kila shingo nashona jina la nchi yangu.

Maneno matatu, kwa lugha ya wanunuzi.
Siyasomi. Nayajua kwa maumbo,
kama mtu anavyowajua majirani kwa migongo yao:
la kwanza fupi, la pili kitoto chake,
la tatu refu kama treni ya kwenda Kurigram
siku mbili kabla ya Idi.

Mia na ishirini kwa saa. Mishono minne kila moja.
Chanda chema huvikwa pete;
changu kimevikwa plasta.
Siku ile sindano ilipokitoboa, tone likadondoka
katikati ya fulana ya kijani, likatanuka, duara kabisa,
na Parul wa mashine ya jirani akaangua kicheko:
"Bendera hiyo, dada! Simama tuimbe!"
Tulicheka mpaka Habibul msimamizi akaja na daftari.
Bendera ile niliilipia mimi. Ilikatwa kwenye mshahara.

Jioni, kwenye televisheni ya duka la chai,
waziri mmoja mwenye tai alitupongeza.
Pato la wastani la kila mwananchi, alisema,
limepanda tena, akataja tarakimu
nono, yenye sifuri za kutosha.
Nikarudi chumbani tunamolala wanne kwa zamu ya godoro,
nikamtafuta huyo mwananchi wa wastani.
Nikachungulia chini ya kitanda. Nikapekua mkoba.
Nikamuuliza Parul, hukumwona?
Akasema labda amepitiliza kituo.

Lakini nisiwe mwizi wa fadhila.
Bati la nyumba ya mama limetoka kwenye shingo hizi.
Mto ulipomeza kisiwa chetu mara ya tatu
tulihama na bati vichwani; zamani tulihama mikono mitupu.
Mdogo wangu Shahin anasomea umeme Rangpur,
na siku waya ulipofika kwetu alinipigia
asiseme neno,
akaisogeza simu karibu na feni, nisikie.
Nilisikia.
Nikalia kama mjinga katikati ya foleni ya choo.
Nani aniambie ule haukuwa upepo wa nchi yangu?

Sasa Dilruba, binti wa shangazi, anayefanya usafi Milano,
ananisimulia: mtoto wa tajiri yake kavalishwa fulana mpya,
akajikuna, akalia, shingo inawasha.
Mama mtu akachukua kimkasi cha kucha.
Mara moja tu, na nchi nzima ikaanguka
kwenye sakafu ambayo Dilruba ndiye anayeifagia.

Aliiokota. Anayo kwenye pochi, nyuma ya kibali cha kuishi.
"Ni yako hii?" akaniuliza, akiisogeza kwenye kamera.
Nikamwambia ahesabu matundu ya sindano.
Manane. Mishono minne, basi.
Inaweza kuwa yangu. Inaweza kuwa ya Parul,
au ya yule msichana wa zamu ya usiku
aliyeacha kazi kabla sijalijua jina lake.
"Itunze," nikasema. Sikujua la kuongeza.
Yeye naye akanyamaza, kisha akasema kuna baridi huko,
kisha salio likaisha.

Tangu asubuhi ya leo nashona sita.
Habibul hajajua bado. Uzi unakwisha mapema kidogo,
na najua siku atakayojua daftari litafunguliwa.
Lakini kwa leo zinapita, boksi baada ya boksi,
na anayetaka kuling'oa jina hili
itambidi avae miwani,
ainame,
alisogeze kwenye mwanga.